Kisanduku cha "Hawezi"

Nyinyi mlioajiriwa juzi, mnaokaa nyuma ya kioo na kompyuta mbili mbele yenu, nina maneno nanyi. Msinikimbie. Sitawaambia kwamba watu wa zamani walikuwa wema kuliko wa leo, maana nilikaa dirishani miaka ishirini na saba na watu wa zamani nawajua. Walikuwa wakiongopa vilevile, ila waliongopa kwa mwandiko mzuri.

Aliyenifanya nishike kalamu ni mtoto wa dada yangu, Thuraya, ambaye kaanza kazi mwaka huu Nizwa, huku kwetu Oman, katika ofisi inayoshughulikia mambo ya wafanyakazi. Ni kazi ileile niliyoifanya mimi Ibra mpaka nilipostaafu. Asubuhi moja akaniletea sauti kwenye simu: "Khala, shikamoo. Mtoto kubwa, anakaa nyumbani na baba yake, mimi naandika au naacha?" Kiswahili chake ndicho hicho, msimcheke. Mama yake alimsemesha Kiarabu tangu utotoni akidhani anamrahisishia shule. Nilianza kumjibu kwa sauti, nikaona nimezungumza robo saa na sijafika hata nusu, nikafuta, nikatafuta daftari.

Kwanza mjue kazi ilikuwa nini. Shirika letu, ambalo jina lake nalihifadhi, lilikuwa na watu wa kila aina: madereva, mafundi, makarani, walinzi. Kila mmoja alikuwa na faili lake, na ndani ya faili karatasi ya wategemezi. Humo mtu aliandika mke wake au wake zake, wazazi wake kama anawalea, na watoto. Aliyeandikwa alitibiwa kwa gharama za shirika, na mwenye faili akifa, aliyeandikwa alikuwa na haki katika pensheni. Mtoto wa kiume alibaki mpaka miaka ishirini na miwili, na kama anasoma, mpaka ishirini na sita. Hapo hutolewa, isipokuwa yule asiyeweza kufanya kazi. Huyo hubaki maisha yake yote.

Nina binamu Marekani ambaye kila mwaka hujaza karatasi ya jinsi hii kwa watu wa kodi, akidai watoto wake wakubwa anaoishi nao ili kodi yake ipungue. Sisi huku hatukuwa na kodi ya mshahara, na hata hiyo inayozungumzwa sasa inasemwa itawagusa wenye mishahara minono tu, kwa hiyo mimi na wewe tulale. Lakini swali ni lilelile kote. Mtoto ana ndevu, anakula kwako, nguo zake zinafuliwa kwako. Je, ni mzigo wako, au ni mtu anayejitegemea ambaye anapenda wali wa mama yake?

Kwetu swali hilo lina miiba zaidi, kwa sababu mtoto mkubwa kukaa nyumbani si aibu. Nani kati yenu anapanga chumba huku ghorofa ya juu ya baba yake iko tupu? Mtu anaoa, anapata watoto wawili, ana cheo na gari, na bado mama yake anamuuliza kama kala. Sasa wewe karani umpime huyo kwa rula gani?

Wengine walinirahisishia kwa vituko vyao. Kulikuwa na fundi mmoja ambaye mwanawe alikuwa mwanafunzi kwa miaka mingi mno. Kila mwaka barua ya chuo, na kila mwaka chuo kingine. Mwisho nikamuuliza huyu mtoto anasomea nini hasa, akaniambia hata yeye angependa kujua. Mwingine alisahau binti mmoja kati ya kumi na mmoja. Binti mwenyewe ndiye aliyekuja dirishani kudai nafasi yake, na baba yake aliyekuwa kasimama nyuma yake hakuinua uso.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Sleyum, mtu wa Sur, mwembamba, mwenye miwani ya kufungwa na uzi. Alikuwa hasemi sana, na akisema alikuwa anakusema wewe. Aliniambia nisimuulize baba ana watoto wangapi, kwa sababu baba atanitajia idadi anayoipenda. Niulize nani analala chumba gani. Na nianze na mdogo nipande juu, maana wakubwa hawasahauliki, wadogo ndio wanaopotea njiani. Barua ya daktari nisome mara mbili: mara ya kwanza nijue ilichosema, mara ya pili nijue ambacho haikusema. Na kubwa kuliko yote, nijaze kwa penseli leo, wino kesho. Alisema usiku mmoja humtosha mtu mwenye akili kuona upumbavu wake.

Mimi nilikuwa na haraka. Kosa langu la kwanza lilikuwa la kuchekesha, na nawaeleza ili msilirudie. Nilitumwa kuhakikisha wakaazi wa nyumba moja hapa Ibra, baba kaandika watoto wakubwa watano kuwa wanakaa naye. Siku hizo mapumziko yalikuwa Alkhamisi na Ijumaa, si Ijumaa na Jumamosi kama sasa; nikaenda Jumatano alasiri, njiani kurudi kwangu, nikiona nimeua ndege wawili. Wallahi nyumba ilikuwa imejaa. Vijana watano, wake zao, watoto wanakimbia na mipira, chungu cha wali kinahitaji watu wawili kukiinua. Nikaandika wote. Nikala pia, sikatai.

Jumamosi Mzee Sleyum aliitazama karatasi yangu, akatazama tarehe, akavua miwani. Aliniambia nimeandika wageni wa wali. Wale vijana wote wanafanya kazi Maskati, wanakuja Jumatano kama tunavyokuja sote kwa wazee wetu, na Ijumaa jioni barabara inawarudisha. Akanituma tena Jumatatu. Nikamkuta mama wa nyumba na paka wake, na mama akanambia afadhali nimekuja, alikuwa hana wa kunywa naye kahawa. Kwa hiyo nyinyi mnaokwenda kwenye nyumba za watu, msiende mwisho wa wiki, wala siku za kukaribia Idi. Siku hizo kila baba wa nchi hii ana watoto wote nyumbani.

Haya ni ya kucheka. Lipo jingine ambalo sijawahi kulicheka.

Alikuwepo dereva wetu mmoja, Bwana Nassor, mtu wa Al Qabil. Yeye na mimi tulizaliwa Unguja, tukaletwa huku wadogo, na kila akija dirishani kwangu tulizungumza Kiswahili cha kwetu kwa sauti ya chini kama watu wanaokula pipi darasani. Alikuwa na mabinti wanne, wote wameolewa, na mtoto wa kiume mmoja wa mwisho, Mundhir. Mundhir alizaliwa na nyonga na mguu wa kulia usio na nguvu. Alivaa chuma mguuni, na chuma kile kilibadilishwa kila alipokua, na mazoezi ya mguu alifanyiwa hospitali Maskati. Yote hayo yalilipwa kwa sababu jina lake lilikuwamo kwenye karatasi ya baba yake.

Akakaribia miaka ishirini na miwili. Shule kamaliza, chuo hajapata. Ilikuwa atoke. Bwana Nassor akaja ofisini na barua ya daktari kaikunja mara nne mfukoni mwa kanzu yake ya dishidasha, akakaa mbele yangu, akasema, "Bi Zuwena, wakimtoa huyu, chuma cha mguu nitakipata wapi?"

Fomu ilikuwa na visanduku viwili. Kimoja kimeandikwa "Anaweza kufanya kazi". Cha pili "Hawezi kufanya kazi". Cha tatu hakikuwepo. Barua ya daktari ilisema kijana hawezi kusimama muda mrefu, wala kubeba vitu vizito. Niliisoma mara moja. Nilimuuliza Bwana Nassor kijana mwenyewe yuko wapi, akanambia yumo garini, kwa ajili ya ngazi zetu. Ngazi zetu zilikuwa mbili tu, lakini kila moja imeinuka sana, na hazina pa kushika.

Nikainuka nikachungulia dirishani. Gari lilikuwa kivulini linaunguruma ili kiyoyozi kisizime, na ndani yake kijana kakaa na simu mkononi. Ningeweza kutoka. Hazifiki hatua thelathini. Ningemsalimia, nikamuuliza: wewe unasemaje?

Sikutoka, na sababu yake mnaijua kwa sababu nanyi mmelelewa hivyohivyo. Baba akiwepo, anayeulizwa ni baba. Kumwendea kijana wa umri ule, mbele ya baba yake au nyuma ya mgongo wake, nikamuuliza unaweza au huwezi, niliona nitakuwa nimewavunjia heshima wote wawili. Kijana ataona haya, baba ataona namtilia shaka. Basi mimi ndiye niliyeona haya kwa niaba yao. Nikakaa, nikachukua kalamu, nikatia alama kwenye "Hawezi". Nilitia kwa wino, papo hapo, nisimsumbue mtu mzima kurudi kesho. Bwana Nassor aliniombea dua ndefu, na mimi nikarudi nyumbani nimefurahi na nafsi yangu.

Karatasi, wanangu, ilikuwa na tabia moja nzuri: ilikaa kabatini ikanyamaza. Kisha zikaja kompyuta. Tuliingiza mafaili yote kwa mkono, mwaka mzima, vidole vinauma, na kila kisanduku kikageuka namba. Halafu kompyuta za ofisi zikaunganishwa, ya kwetu na za wengine, na yale yaliyokuwa siri ya kabati la Ibra yakawa yanaonekana kwa karani yeyote anayebonyeza jina la mtu. Sisemi ni vibaya. Mlichokipata nyinyi ni kikubwa, mtu hapotezi tena siku nzima akifukuzia mhuri. Nasema tu kwamba ukikosea siku hizi, kosa lako linafika mahali kabla yako.

Zikapita kama miaka sita. Asubuhi moja nikasikia gongo linagonga nje, likanyamaza, likagonga tena. Mtu anapanda ngazi zetu. Nilipoinua kichwa, mbele yangu kasimama kijana wa haja, ndevu kazichonga vizuri, jasho linamtoka kwa zile ngazi mbili. Akanipa shikamoo. Nikaitikia, nikamwambia akae, na kabla hajataja jina nilimjua kwa macho ya baba yake.

Alinieleza taratibu, Kiswahili kidogo, Kiarabu kingi. Alikuwa kajifunza kuchora ramani za nyumba kwa kompyuta. Kaanza peke yake kwa masomo ya kwenye simu, kisha akapata nafasi chuoni akasoma vizuri. Nusu ya majirani zake Al Qabil walijengewa ghorofa za juu kwa ramani alizochora yeye. Sasa ofisi moja ya wahandisi hapa Ibra imemtaka, wamempa meza na kiti, wamekwenda kumsajili kuwa mfanyakazi wao, na kompyuta imewakatalia. Jina lake lina neno. Chini ya faili la baba yake imeandikwa kwamba hawezi kufanya kazi. Mwenye ofisi amemwambia atamngojea mpaka Alkhamisi ya wiki ijayo, baada ya hapo atamchukua mwingine.

"Nani aliandika hii, khala?"

Maneno ya kujificha nyuma yake nilikuwa nayo tele. Kanuni, fomu, daktari, baba yako. Nikasema, "Mimi."

"Uliniona?"

"Nilikuona dirishani. Ulikuwa garini."

Akatikisa kichwa polepole. "Mimi pia niliona wewe," akasema.

Hapo masikio yaliniwaka. Nimekosea mambo mengi katika kazi, nimepoteza faili, nimemuua mtu kwenye orodha naye yu hai anakuja kulalamika. Hakuna lililoniuma kama hilo. Miaka sita kijana huyu alijua kwamba mwanamke mmoja alisimama dirishani, akamtazama, akarudi ndani kumwandikia maisha yake.

Kulirekebisha kulihitaji mambo mawili. La kwanza ni barua mpya ya daktari, nayo alikuwa nayo, na safari hii daktari kaandika wazi kwamba anaweza kazi ya kukaa. La pili ni ombi la mwenye faili, kwa sababu aliyeandikisha mtegemezi ndiye pekee anayemwondoa. Nikamwambia basi ni jepesi, baba aje kesho atie sahihi. Mundhir akatazama gongo lake.

"Baba hataki," akasema.

Jumamosi nilikwenda Al Qabil. Kwa kanuni sikutakiwa, na kwa umri wangu na joto la msimu ule ilikuwa wazimu, lakini mwanangu aliniendesha na fomu nilikuwa nayo mkobani. Nilikuta shamba zima linachemsha tende. Nyinyi wa Nizwa mtasema mna tende, lakini hii ya kuchemsha ni yetu sisi wa mkoa wa Sharqiyah: tende za manjano hazijaiva sawasawa zinatiwa kwenye masufuria makubwa ya shaba, kuni za mitende chini, zikichemka zinaopolewa na kuanikwa juani mpaka zikauke. Moshi, mvuke, nyuki. Bwana Nassor alikuwa kasimama kwenye sufuria na upawa mrefu, uso umeiva. Wanawake wa nyumbani walikuwa pembeni wanachambua. Mundhir alikuwa kwenye kiti chini ya turubai, anahesabu makapu yanayokuja na kuyapanga nani apeleke wapi, na nikaona hakuna anayebeba kapu bila kumtazama yeye kwanza. Niliyaona hayo, nikajiambia ningeyaona miaka sita iliyopita.

Kahawa ikaja, tende zikaja, habari za watoto na za ugonjwa. Bwana Nassor alikuwa kapasuliwa moyo mwaka uliopita na alibakiwa na miezi tu astaafu. Nilipotoa fomu hakuitazama.

Alinieleza, na nataka muisikie hoja yake vizuri kwa sababu haikuwa ya mtu mjinga. Alisema Mundhir akibaki kwenye karatasi, siku yeye atakapokufa kijana ana riziki yake mpaka kaburini. Akitoka, kanuni yetu ilikuwa hakuna kurudi. Kazi leo ipo, kesho hao wahandisi wamefunga ofisi, na kijana mwenye mguu ule atakaa mlango wa nani? Wa dada zake? Dada zake wana waume zao.

"Mimi sina cha kumwachia, Bi Zuwena," akasema. "Shamba ni la urithi wa watu kumi. Karatasi ile ndiyo nyumba niliyomjengea."

Nilikaa na kikombe changu mkononi. Kila alilosema lilikuwa kweli. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu mazuri ya ofisini, nikayaona hayafai hata kuwashia moto ule. Mundhir naye yuko pale, hatua sita kutoka kwetu, kainamisha kichwa juu ya makapu, na tunamzungumza kama asiyekuwepo. Hata mimi, niliyesafiri kwa ajili ya hilohilo, nilikuwa nimeanza kufanya tena.

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia Bwana Nassor kwamba miaka sita nyuma kuna jambo nililipita kwa kuona haya, na namwomba radhi nilitengeneze hapa mbele yake. Hakujua ninachotaka, akasema fadhali, yaani endelea. Nikageuka.

"Mundhir, mwanangu. Wewe unaweza kufanya kazi au huwezi?"

Wanawake waliacha kuchambua. Mundhir alimtazama baba yake kwanza, kama nilivyojua atamtazama. Bwana Nassor alishika upawa, akawa anakoroga tende ambazo zilikuwa hazihitaji kukorogwa. Hakumzuia.

"Naweza," akasema Mundhir. Kisha, kwa kuwa neno limeshatoka, akaongeza, "Mguu hii ndiyo hawezi, baba. Mimi naweza."

"Na nikifa?"

"Ukifa nitalia. Halafu Jumapili nitakwenda kazini." Akamgeukia baba yake sawasawa. "Kwenye karatasi, ukifa nitalia, halafu nitakaa."

Sikumbuki nani alisema nini baadaye. Nakumbuka mama yake Mundhir kajifunika uso na ncha ya shela. Mimi pia nililia, na moshi nikausingizia. Bwana Nassor alikoroga mara mbili tatu, akamwachia mmoja wa jamaa zake upawa, akaja akakaa chini karibu na kiti cha mwanawe, chini kabisa, hata ikambidi amtazame kwa kuinua kichwa.

"Miaka yote hii hukuniambia," akasema.

Mundhir alimjibu kwa Kiarabu, kwa adabu, kwamba angemwambiaje, naye hakuna siku aliyoulizwa.

Baba akanyoosha mkono nimpe ile fomu. Mikono yake ilikuwa inanata utomvu wa tende, akaniambia nijaze mimi, yeye atatia sahihi. Nikajaza jina, namba, tarehe. Nikafika kwenye mstari unaouliza sababu ya kumwondoa mtegemezi. Katika miaka yangu yote sababu zilikuwa zilezile: kafariki, kaoa, kapata kazi. Nikamwambia basi tuandike kapata kazi, tumalize.

"Usiandike kazi," akasema. "Kazi inakuja na kuondoka. Ikiondoka mtasema alitolewa kwa makosa."

"Sasa niandike nini?"

Alifikiri. "Andika: mwenyewe kasema anaweza."

Nikaandika hivyohivyo. Akatia sahihi, na dole gumba lake likaacha alama ya tende pembeni ya karatasi, ambayo sikuifuta.

Mundhir alianza kazi kabla Alkhamisi ile haijafika. Yuko ofisi ileile mpaka leo, na chuma cha mguu anajinunulia mwenyewe. Anakaa kwa baba yake Al Qabil kama kawaida, kaoa, na mkewe anagombana na mama mkwe juu ya pilipili. Bwana Nassor yu hai, alhamdulillahi, kastaafu, na akiulizwa habari za mwanawe huzungumza mpaka kahawa inapoa.

Lakini kabla ya yote hayo ilibidi kompyuta ikubali. Jumapili asubuhi niliingiza ile fomu, neno kwa neno. Haikupita saa, kijana wa makao makuu Maskati akanipigia simu. Alikuwa na adabu, alidhani nimezeeka. Akanieleza kwamba sababu za kumwondoa mtegemezi zina orodha yake, kuna kufariki, kuoa na ajira, na hii niliyoandika mimi haimo katika orodha.

Nikamwambia aiongeze.